Kaya Hewa za Mloka

Mwaka 1998, Hajira Mbonde alikuwa karani wa takwimu za kilimo Kibiti. Mwalimu wake wa kompyuta, Ebenezer, alimdharau tangu siku ya kwanza. Hajira naye hakumpenda hata chembe.

Ebenezer alimfundisha kupanga jedwali la kaya na la mashamba, na njia ya kupitisha fomu za vijijini hadi ziwe ripoti ya mavuno. Kanuni yake ilikuwa moja: kila kaya ina makazi mamoja tu. Fomu za kijiji cha Mloka zilipoingia, kaya mia mbili zilionekana kijijini na tena kwenye mashamba ya bondeni. Ebenezer akazifuta zote.

"Kaya hewa hizi."

"Hewa gani?" Hajira akafoka. "Wamehamia kwenye madungu, vile vibanda vya juu, wanalinda mpunga usiliwe na nguruwe. Wakishavuna wanarudi kijijini. Mama yangu yumo humo!"

"Mtu hawi na makazi mawili, binti. Jifunze."

"Kwako wapi, mwalimu?"

"Moshi."

"Na unakaa wapi?"

"Hapa Kibiti, kwa sasa..."

Hajira alishafungua jedwali la watumishi. Jina la Ebenezer lilikuwamo mara mbili, Moshi na Kibiti. Akalifuta kote kuwili.

"Nimejifunza," akasema.