Mama Delphine na Mume wa Sylvie

Mama Delphine Ngalula hakuanza kamwe na ugonjwa. Akiingia katika ua wa watu alisalimu, akaomba kiti, akauliza kama mahindi yamekwisha kupandwa na kama yule binti aliyeolewa Lubumbashi ameshazaa. Watu wa Kikula, mtaa mmoja wa mji wa Likasi, walimzoea hivyo. Waliona kizibao chake cha idara ya afya, na walijua kwamba mwishowe atauliza nani alilala na mgonjwa chumba kimoja na nani alikula naye sahani moja. Lakini wakati huo alikuwa amekwisha kunywa maji yao na kucheka nao, na ilikuwa vigumu kumfukuza.

Kazi yake ilikuwa kufuata ugonjwa kila ulikopita. Surua ikizuka Panda, alitumwa Panda. Mtoto akilemaa mguu ghafla katika kijiji fulani, alitumwa huko kuangalia kama ni polio. Alikuwa mzaliwa wa hapohapo Likasi, katika nyumba za wafanyakazi, baba yake akiwa ametoka Kasai kuja kushika mashine za mgodi. Alisomea uuguzi, akachanja watoto miaka mingi, akaolewa na fundi wa umeme aliyeitwa Nicolas. Nicolas alipofariki, nyumba ikawa kimya mno. Ndipo Delphine alipoomba kazi hii ya kutembea. Wenzake walidhani ni ushujaa. Yeye alitaka tu kuwa mahali penye sauti za watu.

Ugonjwa wa mpox ulipofika kwa wachimbaji wa mgodi wa Kamatanda, mgonjwa wa kwanza kuletwa hospitali alikuwa kijana mmoja, Papy. Malengelenge yalikuwa yamemjaa usoni na viganjani. Wakamweka katika chumba cha peke yake, na Delphine akaketi mlangoni, barakoa puani, akamuuliza kwanza kuhusu mama yake. Papy alisimulia mpaka akachoka. Kisha, bila kuulizwa, akasema:

"Mama, kuko mwenzangu mumoja, Rémy. Tulikuwa tunalala naye pa godoro moja kule ku shimo. Vipele vilipoanza kunitoka mu uso, aliniangalia tu, akabeba bintu yake, akaenda. Hata kwaheri hakusema."

"Ulikasirika?"

"Nililia," Papy akasema, akageuza uso.

Rémy alikuwa na mke Kikula, umbali mfupi tu kutoka kanisani. Delphine alimkuta akifua nguo, tumbo kubwa likimzuia kuinama. Jina lake Sylvie. Aliposikia jina la mumewe alilikamua shati alilolishika kama vile analinyonga.

"Kama unamutafuta Rémy, enda ku Kakanda. Iko na bibi mwingine kule. Mutaa muzima inajua."

Aliyeujulisha mtaa mzima alikuwa jirani, Mama Christiane, ambaye alikuwa amekwisha sogea mpaka kwenye uzio ili asikie vizuri. Kwa maneno yake, mwanamume aliyetoka kazini ghafla, akapita nyumbani kama mwizi wakati mke yuko sokoni, akachukua vitu vyake na kuacha simu yake mezani ili asipatikane, huyo amekwenda kwa mwanamke. Hakuna jambo jingine.

Delphine hakubishana. Alilitazama tumbo la Sylvie, kwa sababu ugonjwa huu si mzuri kwa mwanamke mwenye mimba, na mara nyingi huwa mbaya zaidi kwa aliye tumboni. Akamwomba waingie ndani. Huko, mlango ukiwa umefungwa, akamweleza yote waziwazi: Papy anaumwa nini, Rémy alilala naye wapi, na kwa nini lazima apatikane. Akampima homa. Akamwangalia viganja, shingo, mgongo na mdomo. Ngozi ilikuwa safi.

Sylvie alivumilia yote, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mutoto atakufa tena?"

Neno lile "tena" lilimwambia Delphine mengi. Mimba mbili kabla ya hii zilikuwa zimeharibika, na moja kati ya hizo ilikuwa imefikia hatua ya kununuliwa nguo.

"Sijue, mwanangu," Delphine akajibu, maana hakuwa na desturi ya kudanganya. "Lakini nitakuja kukuangalia kila asubuhi. Na bwana yako nitamutafuta."

Akaenda Kakanda. Georges, dereva wake wa pikipiki, mtu mnene mwenye subira, alimpeleka katika vumbi la malori yabebayo mawe ya shaba. Walizunguka siku nzima. Waliuliza kwenye vibanda vya chakula, kwa wauza turubai, kwa vijana wanaoosha mawe mtoni. Wengine walimjua Rémy tangu zamani, lakini hakuna aliyemwona msimu huu. Mwanamke anayesemwa hakupatikana pia, wala jina lake. Kila mtu alikuwa amesikia kwa mtu mwingine.

Asubuhi iliyofuata Delphine alirudi kwa Sylvie, akampima, akamshukuru Mungu, kisha akaketi naye kuchambua mboga ya lengalenga.

"Wakati alienda," Delphine akauliza, "alibeba nini?"

"Bintu yake tu. Manguo ya kazi. Blanketi ile ya zamani. Jembe." Sylvie akafikiri. "Na chungu moja iko na tundu pembeni. Nilitakaka kuitupa."

"Shati ya misa?"

"Iko pale. Inaninginia."

Delphine akaendelea kukata vijiti vya mboga. "Sylvie, mume anaenda kwa bibi mwingine, anaacha shati ya misa, anabeba jembe na chungu ya kutoboka?"

Mikono ya Sylvie ikasimama. Alilitazama lile shati msumarini kama vile mtu ameingia amesimama pale.

"Nkambo wake alikuwaka na shamba," akasema mwishowe. "Ku Kapolowe. Njo yeye alimukomalisha. Alishakufa, lakini kale kanyumba ka shamba kangali pale."

Barabara ya Kapolowe ilikuwa imenyeshewa. Georges aliendesha polepole, na walipofika waliwauliza wanawake waliokuwa wakipalilia mashamba yao, wakaelekezwa njia ya kwenda kwenye shamba la yule nyanya marehemu aliyemlea Rémy. Kibanda kilikuwa mwisho wa matuta, mbali na wengine. Kabla hawajafika, sauti ya kukwaruza ikawasimamisha.

"Musikaribie! Mubaki pale pale!"

Georges alirudi kwenye pikipiki bila kuambiwa mara mbili. Delphine alivaa barakoa, akasogea kidogo, akaketi juu ya tuta akiacha nafasi ya kutosha kati yao. Rémy alikuwa mlangoni, amejifunika blanketi. Alikuwa amekonda. Malengelenge yalikuwa usoni, mikononi, hata kwenye kope.

"Bonjour, Rémy. Niko Delphine. Naona ulipanda mahindi. Imeota muzuri."

Rémy hakutegemea salamu ya aina hiyo. Aliyatazama mahindi yake machanga kana kwamba ndiyo kwanza anayaona. "Nilipanda juu ya kukosa kazi," akasema. Kisha uso ukamharibika. "Sylvie?"

"Iko muzima. Tumbo iko muzima. Nilimuangalia leo asubuhi."

Alifunika uso kwa blanketi na mabega yake yakaanza kutikisika. Delphine alimwacha. Alipotulia, Rémy alisimulia. Alipoona uso wa Papy alielewa kwamba, wakiwa wamelala godoro moja, ugonjwa ule ungemjia naye pia. Akamfikiria Sylvie na mtoto. Angemwambia ukweli, Sylvie angemfuata. Hakuna mtu wa kumzuia Sylvie akishaamua. Angekuja na sufuria na maji ya moto, angemwosha vidonda kwa mikono yake.

"Nikasema, heri anikasirikie. Muntu mwenye hasira hafuate."

"Unajua wanasema uko na bibi ku Kakanda?"

"Miye?" Akacheka kidogo, akakohoa. "Na sura hii?"

Hapo Delphine aliuliza swali ambalo alikuwa amelibeba njia nzima, na alitaka lisikike kama la kawaida. "Homa ilikushika wakati gani? Fikiri muzuri. Ulikuwa bado nyumbani?"

Rémy alifikiri. Hapana, hakuwa nyumbani. Alifika Kapolowe akiwa na nguvu zake zote, akalima siku kadhaa. Mvua ya kwanza ilinyesha akapanda. Ni katikati ya kupanda ndipo kichwa kilipoanza kumgonga, akaingia ndani akitetemeka jua likiwaka.

"Na kabla ya pale? Hata kipele kimoja? Koo?"

"Hapana, mama. Nilikuwa muzima kabisa. Nilipita ku nyumba wakati Sylvie haiko, sikumugusa."

Delphine alifumba macho. Kwa kawaida ugonjwa huu humwambukiza mwingine baada ya mtu kuanza kuumwa, si kabla. Alimweleza hivyo, taratibu, mara mbili, mpaka akahakikisha kwamba amesikia. Hakuweza kumwahidi kwa asilimia mia, lakini yaelekea aliondoka kwa wakati. Rémy alirudia neno hilo peke yake: kwa wakati, kwa wakati.

Hata hivyo alikataa kwenda hospitali. Watu wakimwona, alisema, watamtenga Sylvie, hawatamuuzia hata chumvi. Ndipo Delphine alipomsimulia jambo ambalo halikuwa katika kazi yake. Alikuwa msichana mdogo mwaka ule watu wa Kasai walipofukuzwa miji ya migodi warudi kwao, na familia yao, kama nyingine nyingi, ilingoja gari moshi pale stesheni ya Likasi, wakilala chini. Surua iliingia. Mdogo wake aliyeitwa Ricky alipata vipele, na mama yao akamfunika kwa kitenge ili watu wasione, akiogopa watakatazwa kupanda.

"Mama yangu alimupenda sana," Delphine akasema. "Njo juu ya ile alimuficha. Wakati muganga alipita pale, tulinyamaza sisi wote. Ricky hakufika Kasai." Akamtazama Rémy usoni. "Sikukuja kukuhukumu, Rémy. Weye unaficha sababu unapenda. Lakini haufae kufa huku peke yako na chungu ya tundu."

Rémy alipanguza macho, akasimama akishikilia mlango, akaanza kukunja blanketi.

Gari la hospitali lilimchukua. Wakamtoa majimaji ya vidonda, wakayapeleka Lubumbashi kupimwa, na jibu likarudi kuwa ni mpox kweli. Walimlaza karibu na Papy, ambaye alikuwa ameanza kupata nafuu. Inasemekana siku ya kwanza hawakusemezana, na siku ya pili walikuwa wakibishana habari za mpira.

Delphine alipeleka habari Kikula mwenyewe. Sylvie alisikiliza akiwa amesimama. Yaliposemwa yale ya kwamba mtu mwenye hasira hafuati, alipiga paja lake kwa kiganja.

"Mujinga! Ule mwanaume ni mujinga!" Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Ananiacha nachekwa na mutaa muzima! Mama Delphine, mwambie akirudi nitamupiga." Akazunguka chumbani, akalichukua shati msumarini, akalinusa, akalirudisha. Halafu akaingia jikoni akasonga bukari, akachemsha samaki wa mto Lufira, akafunga yote katika kitambaa. "Mupelekee. Ndani, pale chini, kuko pilipili. Bila pilipili hakule."

Mama Christiane aliyasikia yote uzioni. Siku zile alionekana mara nyingi akimchotea Sylvie maji, na habari za Kakanda hazikutoka tena kinywani mwake.

Delphine alikuja kila asubuhi na kipimajoto, mpaka wiki tatu za kungoja zikaisha. Hakuna homa, hakuna kipele. Sylvie alijifungua baadaye, mchana wa Jumapili, mtoto wa kike mwenye nywele nyingi. Delphine alikuwa amesimama kando ya kitanda na simu mkononi, na upande wa pili wa simu, katika chumba alikotengwa, Rémy alikuwa akisikiliza. Mtoto alipolia, Delphine aliisogeza simu karibu naye. Wakamwacha alie.

Magamba yalipoanguka yote na ngozi mpya kuota, Rémy aliruhusiwa. Georges alimpeleka mpaka Kikula, Delphine akiwa nyuma yao kwa pikipiki nyingine. Uso wa Rémy ulikuwa na madoadoa meupe. Alisimama kwenye lango la ua wake mwenyewe kama mgeni, mikono nyuma.

"Ingia," Sylvie akasema kutoka kitini.

"Nianze kunawa."

Akanawa. Akanawa tena. Sabuni ilikuwa ikimdondoka mpaka viwikoni na bado alikuwa akisugua. Sylvie alimtazama, kisha akainuka, akaenda mpaka pale alipokuwa, akamwondolea sabuni.

"Inatosha sasa," akasema.

Na kabla Rémy hajasema kitu akamwekea mtoto katika mikono yake iliyolowa. Rémy alikaza viwiko, akaogopa hata kuinamisha kichwa. Mtoto alijinyoosha, akapiga mwayo, akalala. Sylvie, ambaye alikuwa ameahidi kumpiga, alimfuta povu shingoni kwa ncha ya kitenge chake, polepole, doa kwa doa.

Mama Christiane alimletea Delphine kiti na kikombe cha munkoyo, kinywaji cha mahindi. Delphine akakaa, akanywa mpaka mwisho, na siku hiyo hakumuuliza mtu yeyote swali lolote.