Jino Lililopindwa Makusudi

Kwa miaka thelathini, watu wa Tabora waliopotewa na meno walipanda ngazi tatu za karakana ya Awadhi wakiwa vibogoyo, wakashuka wanatafuna. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, akifanya kazi katika nyumba ya wazee wake waliofika mjini na misafara.

Asubuhi moja ya Juni akaingia askari mpelelezi, nyuma yake mwanamke mwembamba aliyekumbatia sanduku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Jino gani linakusumbua?"

"Si langu," akajibu mwanamke. Alikuwa Daktari Flavia, mtaalamu wa mifupa aliyetoka Dar es Salaam kuwasaidia polisi. Wafyatua matofali wa Goweko, wakichimba udongo, walikuta mifupa ya mtu. Kijijini hakuna aliyesema amepotelewa na ndugu.

Akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na fuvu, na kando yake ufizi wa plastiki wenye meno mawili.

"Inna lillahi," Awadhi akanong'ona, akaketi.

"Ni mwanamume," Flavia akasema taratibu, kama anayemtambulisha mgeni. "Nyonga yake imeniambia. Meno yamelika kama ya mtu wa miaka arobaini na kidogo. Mkono wa kushoto uliwahi kuvunjika, ukaunga. Na sidhani kama alikulia Goweko."

"Umejuaje?"

"Tazama madoa haya ya kahawia. Ni ya maji ya visima vya chumvichumvi, kama vya upande wa Igunga. Jino likiwa bado linaumbika huyapokea maji ya utotoni, na likishaota halisahau."

Awadhi akayainamia meno. Madoa hayo ameyasugua kwenye meno ya wateja maisha yake yote, kumbe alikuwa akisugua kijiji cha mtu!

Akavaa glavu, akaushika ule ufizi. Jino moja lilikuwa limekaa upande. Akaligeuza kwenye mwanga.

"Xavery," akasema. "Wa Ziba, huko Igunga, aliyehamia Goweko kulima tumbaku. Nilimtengenezea jino lililonyooka, akalikataa. Akasema, 'Fundi, nipindie kama lile langu. Mke wangu alinipenda nalo.' Nikashinda kutwa nikilipinda."

Akainuka, akapekua rafu ya nakala za plasta za mataya aliyowahi kuyapima, akarudi na moja. Flavia akaipeleka taratibu kwenye meno ya fuvu, jino kwa jino. Kila pengo, kila ncha iliyolika, vililingana kama kisu na ala yake. Askari akavua kofia.

"Alikufaje?" Awadhi akauliza hatimaye.

Flavia akageuza fuvu. Nyuma palikuwa na ufa. "Mfupa wa aliye hai huanza kujiunga. Huu haukupata nafasi. Alipigwa, akafa."

Jina lilipopatikana, mengine yalifuata. Mkewe Gaudensia alikuwa amerudi kwao Ziba na watoto miaka sita nyuma, baada ya jirani aitwaye Revocatus kumwambia kuwa mumewe ametorokea Mpanda na mwanamke mwingine. Polisi walipomhoji Revocatus, maneno yake yaligongana, mwisho akakiri: waligombania mpaka wa shamba, akamtwanga kwa mpini wa jembe. Mahakama ikamtia hatiani.

Awadhi alipanda basi hadi Ziba kwa maziko. Gaudensia alimpokea kwa mikono miwili.

"Ni kweli alikataa jino zuri?"

"Alilikataa, mama. Alisema hatoki kitini mpaka nilipinde kama lile ulilolipenda."

Gaudensia akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Miaka sita nimemlaani mtu ambaye hakuniacha."

Katekista alipoanza sala, Awadhi, yeye Mwislamu, alisimama nyuma ya waombolezaji, akawatazama watoto watatu wa Xavery wakitupia udongo kaburini, kila mmoja akimwita baba kwa sauti.