Mbeba Taa Akishatoka

Usiku ule nililala nimenuna. Mchana, katika mazoezi bwaloni, Zawadi wa kidato cha tatu alikuwa amenirudishia taa ya chemli mbele ya wenzake. "Mwalimu, kuinama na kutoka tu, mimi siwezi," aliniambia kwa adabu zote. Tamthilia yenyewe ni ya kale, ya Kiingereza: mfalme mzungu anafika nchi ya mbali, anajitwalia ardhi, anatoa hotuba ndefu, na mtumishi mweusi anamshikia taa. Mtumishi huyo hasemi hata neno moja. Anainama, anatoka.

Zawadi alikuwa na haki yake, nani atabisha? Mwalimu mwenzangu naye alinishauri tuitupilie mbali. Lakini ndiyo tamthilia aliyotufundisha marehemu Mwalimu Komba, katika bwalo hilihili, na kuitupa niliona ni kumzika mara ya pili. Kesho yake nilitakiwa kutoa jibu. Basi nikavuta blanketi.

Naona tu niko bwaloni, ni mchana, na harufu ya maharage inatoka jikoni. Mashuka ya bweni yametundikwa kwenye waya, ndiyo pazia letu. Mwalimu Komba amekaa kwenye benchi na lile sweta lake la kijani, kipande cha chaki nyuma ya sikio, wala hajaumwa. Nilifurahi mno kumwona, nikasahau kabisa kwamba alikufa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Uko tayari?"

Kumbe nimevaa sare ya shule, na taa iko mkononi mwangu. Ndiyo, miaka ile mbeba taa wake nilikuwa mimi. Wenzangu wanapita mbele yake mmoja mmoja, maana hiyo ilikuwa desturi yake: hupandi jukwaani mpaka umjibu, unatoka wapi, unakwenda wapi? Mfalme anajibu. Malkia anajibu. Hata mlinzi wa lango anajibu. Mimi enzi zile alikuwa akinipungia mkono tu nipite, ati mbeba taa ana safari gani. Kwa mazoea napita, naye ananishika mkono.

"Wewe sikukuuliza," anasema. "Ukishatoka, huwa unakwenda wapi?"

"Nyuma ya shuka, Mwalimu."

"Kuna nini huko?"

Aliuliza kama mtoto anayetaka kufunuliwa chungu aone kinachopikwa. Na kweli, maskini, miaka yote alikaa mbele. Nikainua shuka, nikampitisha.

Huko nyuma ni jikoni. Wapishi wamekaa juu ya magunia wanachambua mchele. Bila kuombwa naweka taa chini, natoa tumbo mbele, naanza kumwiga mfalme: anavyokohoa kabla ya hotuba, anavyoupa mto jina jipya huku akinyoosha kidole. Wapishi wanacheka mpaka wanajifuta machozi kwa kanga. Hayo niliyafanya kweli, kila jioni ya mazoezi, na nilikuwa nimeyasahau kabisa.

"Sasa mto wetu kauita nani?" mpishi mmoja anauliza.

Namtajia. Safari hii hawacheki. Sauti ya mfalme inatufikia kutoka upande wa pili wa shuka, nyembamba, bado anahutubia.

"Mto ule una wenyewe," anasema mpishi, anarudi kwenye mchele wake. Maneno hayo yalinichoma.

Mwalimu Komba amepewa chai, ameshika kikombe bila kunywa. Anasikiliza upande ule, anasikiliza upande huu.

"Kumbe yote haya yalikuwapo," anasema taratibu. Kisha ananigeukia. "Geuza mabenchi."

Niliamka mashavu yamelowa, na bado nacheka. Nilitaka kumjibu "sawa, Mwalimu", lakini chumbani nilikuwa peke yangu.

Asubuhi nilimwita Zawadi bwaloni, nikampa taa. "Utainama, utatoka," nilimwambia. "Maneno ya mfalme hatugusi hata moja. Ila watazamaji watakaa huku nyuma, upande wa jikoni, wakikungoja wewe. Yeye watamsikia tu."

Aliizungusha taa mkononi, akatazama shuka, akayatazama mabenchi.

"Na nikifika huku, Mwalimu, naweza kusema?"

Nikamwambia aanze kwa kututajia mto ule unaitwaje.