Zai, mtani wangu, nilishindwa kukuigiza

Haijaniingia akilini. Naandika "Zai amefariki", nafuta, naandika tena. Zai amefariki.

Wengi wenu mliona kazi yake bila kujua jina lake. Zile habari zangu za Kilosa na Mikumi, mimi nilikuwa nazungumza tu. Kamera ilikuwa ya Zainabu.

Alianguka nyumbani kwake Mikumi akipiga pasi. Presha, ndivyo tulivyoambiwa. Juzi tumemzika kijijini Ulaya, hukohuko Kilosa, kwa mama yake.

Zai alikuwa Msagara. Mimi ni Mnyamwezi, mjukuu wa mkata mkonge wa Rudewa. Kwa hiyo tulikuwa watani, na hakuniachia siku moja ya kulisahau hilo.

Mara ya kwanza kupanda milima ya Vidunda alinitwisha stendi ya kamera. "Beba, Mnyamwezi. Babu zako walibeba pembe mpaka pwani, wewe kachuma haka kanakutoa jasho?"

Nikamjibu kwamba babu zake nao walikaa kando ya njia wakiwauzia babu zangu maboga mabovu.

"Na mkayala!" Alicheka mpaka akakaa chini. Wanawake waliokuwa wanashuka na mizigo ya ndizi wakasimama kumwangalia.

Mikumi, barabara ya hifadhini. Tembo wanavuka, malori yamesimama, dereva mmoja anapiga honi mfululizo. Zai akatoa kichwa dirishani: "Kaka! Unampigia honi mwenye nyumba?" Dereva akaacha. Tembo hawakuharakisha.

Mhariri akipiga simu kuulizia deadline, Zai alikuwa anapokea yeye. "Tumeshatuma, bosi. Mtandao wa huku unatembea kwa miguu." Wakati huo hatujapiga hata picha moja.

Rudewa, kikao cha wakulima na wafugaji. Watu wameshasimama, fimbo mikononi, mwenyekiti hasikilizwi. Mimi nilikuwa natafuta njia ya kutoka. Zai akapita katikati yao, kamera begani.

"Wazee wangu, shikamooni. Basi gombaneni upande huu, huko jua linanipiga kwenye lenzi."

Mzee mmoja wa wafugaji akasema, "Marahaba," halafu akasogea kweli. Mtu akacheka. Sitaandika kwamba ugomvi uliisha, kwa sababu haukuisha. Lakini siku ile walikaa chini wakaongea.

Alifumba jicho moja hata akinywa chai. Alitembea ameinamia kushoto, upande wa begi. Na ukimaliza kuongea mbele ya kamera, hata uwe umepatia vipi, alikuwa na maneno yaleyale: "Nzuri sana. Rudia."

Nayataja haya kwa sababu juzi nilitakiwa kuyafanya.

Wanaojua mila wanajua. Mtani ndiye anayevaa nguo ya marehemu na kumwigiza mbele ya wafiwa. Anamkejeli, anamsema, mpaka watu wacheke. Wakishacheka wanaweza kula.

Tuliporudi makaburini, mjomba wake Zai alinishika mkono. Alikuwa ameshika kile kizibao cha kazi cha Zai, chenye mifuko mingi.

"Mtani, kazi yako hii. Dada yangu hajatia kitu mdomoni tangu alipopewa taarifa. Hata kulia hajalia. Anakusubiri wewe."

Mama yake Zai alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Pembeni yake bakuli la uji. Nikavaa kizibao. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniangalia kwa muda.

Nikafumba jicho moja. Nikainamia kushoto, nikatembea hatua chache. Akina mama wawili wakaanza kucheka. "Huyo! Ndiye mwenyewe huyo!"

Mama akaniita kwa kidole. Nikapiga magoti mbele yake. Akashika zipu ya kizibao, akaipandisha taratibu mpaka shingoni.

"Yeye alifunga hivi," akasema. "Alikuwa anaogopa baridi, mwanangu."

Kisha akakunja mikono mapajani. "Haya, baba. Endelea. Nakutazama."

Jamani. Nimesimama mbele ya mafuriko nikaripoti. Nimehojiwa na wakubwa wenye hasira, sauti haikutetemeka. Pale sauti haikuja kabisa. Nilikuwa na maneno yake yote kichwani, namna anavyoyasema, mahali anapopumua. Nilifungua mdomo nikafunga.

"Mtani kafiwa yeye," mtu akasema nyuma yangu, na watu wakacheka kidogo, kwa kunisaidia. Mama hakucheka. Alikuwa bado anasubiri. Alikuwa amesogea mbele kidogo, kama mtu anayetaka kuona vizuri.

Sikuweza. Mjomba akaja kuniinua. Bakuli lilirudi jikoni limejaa.

Leo asubuhi nimepiga simu Ulaya. Mjomba anasema mama anakunywa maji tu, na jana aliuliza kama yule mtani atarudi.

Nitarudi, bila shaka. Nimejaribu hapa nyumbani mbele ya kioo. Kutembea naweza. Jicho naweza. Nikifika kwenye kusema, nakwama palepale. Sina mbinu nyingine, na ambaye ningemuuliza ni wewe, Zai.

Lala salama, mtani wangu. Mama hajala, nasi huku hatujui la kufanya.