Nilivyoyapiga Pasi Masomo ya Wekesa

Ilianza Jumamosi, saa tisa alasiri, mvua iliponikuta njiani kutoka mjini. Kikapuni nilibeba kitabu cha historia cha Wekesa, jirani yetu hapa Riruta, kijana asiyeona anayesomea ualimu. Pamoja nacho kulikuwa na nakala yake ya nukta, ambayo mama mmoja wa kanisani aliitoboa kwa wiki tatu ili Wekesa aisome kwa vidole. Mtihani wake ulikuwa Alhamisi iliyofuata.

Kitabu kilipona, lakini nakala ilifika nyumbani imelowa na kujikunja. Mimi nina haya. Hata kuomba radhi hunitoa jasho. Basi nikawasha pasi ya makaa, nikanyoosha karatasi moja moja, nikihakikisha hakibaki kipele hata kimoja. Nilijua kabisa zinasomwa kwa vidole. Sijui akili ilikuwa imekwenda wapi.

Mama yangu alipita akasema, "Leo umefanya kazi safi."

Jioni nikampelekea Wekesa, nikijisifu moyoni. Akapitisha vidole ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Dada, karatasi ni nzuri sana," akasema. "Sasa masomo yenyewe umeyaacha wapi?"

"Nimeyapiga pasi."

Alicheka akashika mbavu. Halafu akakumbuka Alhamisi, akaanza kuhesabu kwa vidole siku zilizobaki.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kanisa, nilirudi kwake nikafungua kile kitabu cha historia. Mimi ninayesoma darasani kwa kunong'ona nilimsomea kwa sauti, yeye akitoboa nukta upya, na majirani wamejaa dirishani.