Walipouvunja Ua wa Skuli Yangu

Mambo mengi nshasamehe katika maisha yangu. Hili sikulisamehe, na wala sitaki mtu aje kunambia kuwa ni la zamani. La zamani kwa nani? Kwangu mimi ni la jana.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mimi mtoto wa Mjini Unguja, nimezaliwa na kukulia mtaa wa Malindi, lakini nilipelekwa shamba kuwa mwalimu mkuu wa skuli ya wasichana, katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki. Ukuu wenyewe jina tu, maana walimu tulikuwa wawili, mimi na msichana mmoja aliyenisaidia madarasa ya chini. Tuliikuta skuli ina kuta, ina mabao ya kuandikia, ina chaki. Haina mwanafunzi.

Wazee walikataa kuwaleta mabinti zao, na mimi nikawapa haki yao. Skuli ilijengwa kando ya njia iendayo pwani, mkabala na duka lenye baraza, na pale barazani wanaume walikaa kutwa kucha wakicheza bao. Msichana akisimama kujibu swali, baraza nzima inamtizama. Akienda chooni, baraza nzima inajua. Sasa nani atampeleka mwanawe pale? Mimi mwenyewe nisingempeleka wangu! Aliyepachagua pahala pale bila ya shaka hakuwa na binti, au alikuwa hana haya.

Nikazunguka nyumba kwa nyumba, nabisha hodi, nakaa juu ya mkeka, naomba. Aliyelifungua fundo ni bibi mmoja msokota kamba, mwanamke wa maneno machache na makali, ambaye alikuwa akimlea mjukuu wake aliyefiwa na mama. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Mwalimu, wewe unataka watoto, sisi tunataka sitara. Tuache tukuzungushie ua."

Basi wakaja wanawake wa kijiji kizima. Waliotoka kuponda makumbi ya nazi, yale yasokotwayo kamba, walikuja, waliotoka kuokota chaza walikuja. Walisuka makuti ya kumba, wakasimamisha nguzo, wakafunga kwa kamba walizozisokota wenyewe kwa mikono yao. Ua ukazunguka madarasa, kiwanja na choo, mrefu kuliko mwanamme aliyesimama. Serikali haikutoa hata msumari. Na ua ulipokwisha tu, watoto wakaja, tena wakaja mpaka nikakosa pa kuwakalisha.

Yule mjukuu wa bibi alikuwa wa kwanza kuingia. Akili alikuwa nazo, mashaallah, mpaka zinakera. Ukimpa hesabu moja anataka tatu, ukimsomesha habari ya mto fulani anakuuliza maji yake yanaishia wapi. Miaka ikapita, akafika darasa la mwisho, na mimi nikamtia katika wale wa kufanya mtihani wa kwenda Mjini kusomea ualimu. Hakuna msichana wa kijiji kile aliyewahi kuufanya. Nilikwenda kwa bibi kutaka radhi yake, nikijua kuwa pale ndipo penye kazi. Bibi akafikiri, akasema, "Akitoka ndani ya ua huu akaingia ndani ya ua mwengine, na wewe ukawa dhamana yake, sina neno." Usiku ule mtoto hakulala, bibi yake ndiye aliyenambia, huku anacheka.

Hapo ndipo ilipokuja kozi.

Walimu wakuu wa Unguja, wanaume na sisi wanawake wachache, tuliitwa Mjini tufundishwe kuendesha skuli. Mkufunzi wetu alikuwa mwenzetu, mtoto wa Mjini vilevile, aliyetoka Ulaya karibuni na shahada yake. Angekuwa Mzungu labda ningesema hajui. Huyu mama yake alikuwa jirani yetu Malindi, mtu ambaye hatoki ila kwa buibui, na nyumbani kwao pazia la mlangoni halikupata kufungwa juu hata siku moja. Chambilecho wahenga, kikulacho ki nguoni mwako.

Kabla ya kozi alikuwa amezipitia skuli zote kuzitizama. Kwangu alisimama katikati ya kiwanja, akauangalia ua juu na chini, akauliza, "Bi, hili lote la nini?" Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Akatikisa kichwa, akapanda gari lake. Mimi nikadhani kafahamu.

Kule kozini alichora ubaoni skuli yenye uwanja mweupe, na meza ya mwalimu mkuu imeangalia kote. "Mwalimu mkuu ni jicho," akasema. "Akikaa mezani pake aione skuli yake yote. Vichaka, nyua, vibanda, vyote hivyo ni mahala pa uvivu, nyoka na moto." Wanaume wakaandika. Mimi nikanyanyua mkono, nikauliza, "Na wapita njia, nao waione skuli yote?" Wakacheka, naye akacheka nao. "Watu huzoea, Bi," akanijibu. "Lakini lako tutalizungumza." Halikuzungumzwa. Kila nikimwendea baada ya somo, ana haraka. Badala yake akatufundisha kwamba jambo lolote lisitendeke skulini pasi na mwalimu mkuu kujua, na mimi mjinga nikaliandika kwa hati nzuri.

Kozi ilipokwisha nikapanda gari la shamba, nimebeba halua ya kumpelekea bibi. Njia nzima, tukipita Kizimbani na mikarafuu yake, nawaza mtihani wa mtoto, maana ulikuwa umebaki wiki moja tu. Nikateremka njiani pale pa siku zote. Nikatizama. Lahaula! Skuli iko uchi. Kiwanja kiko wazi, mlango wa choo unaonekana kutoka barazani, na nguzo zimeacha mashimo yake kila pahala. Mwalimu mwenzangu alikuwa kakaa mlangoni, macho yamemvimba. Akanambia kuwa asubuhi moja lilikuja lori na vibarua, nao wamechukua amri ya mkufunzi, na sheha wa kijiji yuko pamoja nao. Waling'oa kila kitu, makuti wakayachoma moto pwani. Tangu siku ile watoto hawakuja, isipokuwa wale wadogo kabisa.

Nikaenda kwa sheha hata maji sijanywa. Shikamoo nilimpa, kwa kuwa mkubwa hanyimwi shikamoo yake, lakini baada ya hapo sikumsitiri.

"Bwana sheha, wewe uliridhia?"

"Mwalimu, yule mkufunzi, siku ile alipokuja kutizama skuli, kaja kwangu mgeni," akasema, na sauti yenyewe ya mtu aliyekwisha kusutwa na mkewe. "Kakaa barazani kwangu, kanywa madafu yangu, kaniomba jambo. Nimwambie hapana, usoni? Tena mimi nikajua wanatujengea wa mawe. Nani avunjaye ua asiweke mwengine?"

Hilo la mwisho alisema kweli. Kote kisiwani kwetu ua wa makuti ukichakaa, kwanza unasukwa mpya, unaegemezwa pembeni, ndipo wa zamani unapoondolewa. Hakuna mwenye akili zake atakayeiacha nyumba wazi hata kwa mchana mmoja. Masikini, alikaa pale na vibarua akingoja mawe yaletwe. Lakini hasira zangu hazikupungua, kwani makuti yale hayakuwa yake hata ayagawe. Yalikuwa ya wanawake, na hakuna mwanamke aliyeulizwa.

Kwa bibi nilikwenda kichwa chini. Alinipokea, akanipa mkeka, halua akaiweka kando bila ya kuifungua. Mtoto alikuwa kasimama nyuma ya mlango, namwona vidole tu.

"Ulikuwa wapi, mwalimu?" bibi akaniuliza.

"Mjini, bibi. Nikifundishwa kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kuwa mkuu wa skuli."

Hakucheka wala hakukasirika, na mimi ningefurahi kama angenitukana. "Ua tutasuka mwengine," akasema, "hiyo si kazi kubwa. Lakini kesho atakuja tena mtu na lori lake, na wewe hupo. Mimi mtoto wangu pale wazi simpeleki."

Nikamsihi, nikaapa, nikalia. Mwisho akalegeza jambo moja. Alisema mtoto na aufanye mtihani pale pale nyumbani kwake, chumbani, mimi nimsimamie, na akitaka mkufunzi alete mwalimu mwanamke mwengine amsimamie pia. Kule nyuma ya mlango nikasikia mtu anavuta pumzi. Wallahi, niliona ni hukumu ya haki kuliko zote nilizozisikia mwaka ule.

Kulipokucha nikarudi Mjini na gari la mwanzo. Mkufunzi nilimkuta ofisini kwake, kikombe cha chai mkononi. Nikamwambia yote, pole pole, kwa adabu, kama ninavyomwambia mtoto asiyefahamu.

"Haiwezekani," akasema. "Mtihani hufanywa skulini. Ndiyo kanuni."

"Basi uakhirishe mpaka tusuke ua."

"Kwa ajili ya mtoto mmoja?"

"Kwa ajili ya mtoto mmoja. Kwani wewe ulisomeshwa kwa ajili ya wangapi?"

Akaweka kikombe chini. "Bi, haya ni mambo ya kikale. Siku mbili tatu watazoea."

"Mama yako keshazoea?" nikamuuliza. "Maana jana kabla ya kupanda gari la shamba nimepita kwenu, pazia bado liko chini."

Akaghadhibika! Akanambia nimevunja heshima, nirudi kazini kwangu na nishukuru kuwa hataniandikia kwa wakubwa. Heshima! Aliyeivunjia heshima skuli nzima ananitajia mimi heshima. Nikatoka mle ofisini hata kwaheri sikumwambia, nikatembea Malindi nzima huku nasema peke yangu, watu wananitizama wanadhani nimerogwa.

Siku ya mtihani nilifungua darasa, nikapanga kiti kimoja na meza moja, nikakaa. Baraza ya bao ilijaa tangu asubuhi. Nilikaa mpaka muda ukapita, kisha karatasi nikazirudisha ndani ya bahasha yake kama zilivyokuja.

Baada ya hapo mkufunzi akaja kijijini. Alifuatana na walimu wakuu watatu wa skuli za wanaume, amewaleta waone mfano wa skuli iliyopangika. Akaniomba kiti changu, akakaa mezani pangu, akanyoosha mkono. "Mnaona? Hapa hakuna kinachofichika." Kweli, palionekana pote. Kiwanja kilionekana, choo kilionekana, njia na baraza vilionekana. Halafu akayaona madarasa, na watoto wadogo wamekaa safu ya mbele tu.

"Wako wapi wanafunzi wako?" akaniuliza.

"Nifuateni niwaoneshe," nikasema.

Nikawachukua kwa njia ya ndani, baina ya minazi, wenzake nyuma wananong'ona, mpaka nyumbani kwa bibi. Nyumba yenyewe ndogo, na imezungushiwa ua wa kumba. Nikampisha mkufunzi mbele. Akafika kwenye kipengee cha kuingilia, uwazi mdogo baina ya makuti, na pale miguu yake ikasita. Hapakuwa na mtu wa kumzuia, wala mlango, wala kufuli. Ni makuti tu. Bwana yule akavua kofia, akasogea pembeni ili asichungulie, kama alivyolelewa na mama yake.

"Hodi!" akaita.

Ndani kishindo cha mtu anayeponda makumbi kikaendelea.

"Hodi wenyewe!"

Kishindo kile kile, hata mwendo hakikupunguza.

Akaita ya tatu, kwa sauti ndogo zaidi. Na hodi ya tatu ikikosa mwenye kuijibu, sote tunajua, mtu hurudi alikotoka. Akavaa kofia yake. Jasho lilikuwa likimtoka.

"Nadhani hawatusikii," akasema.

"Wanakusikia, bwana," nikamwambia. "Huyo anayeponda ndiye yule mtoto mmoja. Mtihani ulikuwa juma lililopita."