Mashine ya Mkono Uani Kwetu

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Mama amepiga simu kutoka Singida Mjini: msimu huu wa alizeti haji nyumbani, mashine inakamua bila kupumzika na yeye ndiye msimamizi. Nikasema, "Sawa, mama." Nikakaa mlangoni.

Enzi zetu sisi, kikundi cha akina mama wa hapa Ihanja kilikuwa na mashine moja ya mkono, uani kwetu. Nilipomwambia bibi "enzi zetu" alicheka hadi akashika ubavu. "Enzi zenu zipi? Juzi tu nilikuwa naanika godoro lako."

Lakini zilikuwepo. Ule mkono wa chuma ulikuwa mzito, akina mama wakichoka wanatuita watoto tuning'inie, watatu watatu, tunashuka nao taratibu huku mafuta yakichuruzika na ua mzima unanukia alizeti ya juani. Mafuta ya kwanza hayakuuzwa. Mama alitupaka miguuni, yaliyobaki akayamwaga kwenye ugali wa uwele, tukala wote, wa kwetu na wa jirani. Tukidokoa mashudu, yale makapi yaliyokamuliwa, anasema, "Acheni chakula cha kuku, mtataga." Watoto wa siku hizi wanadhani mafuta yanazaliwa kwenye chupa, na lebo yake.

Akina mama walikubaliana faida isiishie mifukoni mwao. Kikachimbwa kisima, wasichana tukalipiwa ada. Kikundi kikakua, kikanunua mashine ya umeme, ikafungwa mjini waliko wateja, mama akaenda nayo. Kwa hiyo nasoma kwa mafuta yale yale yaliyomchukua mama. Nitamlalamikia nani? Kila mtu ananiambia nina bahati, na ni kweli. Ila zamani hatukuwa na kisima wala uhakika wa ada, na ua ulijaa watu. Sasa vyote vipo, nasikia kuku tu wakiparura.

Jumapili asubuhi nilimpigia mama kabla sijaanza kuogopa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna nini, bibi anaumwa?"

"Hapana. Naomba nije likizo hii nikae na wewe. Hata kushona magunia nitashona. Mama mdogo amekubali kulala na bibi."

Nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma.

"Mimi nilidhani umeshazoea," akasema.

"Sijazoea, mama."

"Basi njoo na blanketi. Hapa lipo moja."

Nikaenda kulianua kambani.